Nyanda za Juu Kusini: chagua mwezi kwanza, mahali baadaye (Kitulo, Ngozi, Rungwe, Matema)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima mbele.

Kila likizo ikikaribia huanza maswali ya "nipeni pa kwenda", na majibu huwa yale yale: Zanzibar, Ngorongoro, Mikumi. Nyanda za Juu Kusini zikibahatika kutajwa ni mstari mmoja tu, "nenda Mbeya kuna ubaridi mzuri". Mtu anafunga safari, anapanda Kitulo mwezi wa saba akitafuta maua aliyoyaona kwenye picha, anakuta nyasi za kahawia na ukungu unaoficha hata mtu aliye hatua ishirini mbele yake. Anarudi Dar anasema pale hamna kitu. Kitu kipo, ila alikwenda mwezi usio wake.

Nimenunua viazi Uporoto na Makete kwa miaka kumi na moja. Lori la viazi halichagui msimu, kwa hiyo milima ile nimeiona mvua, jua, ukungu na baridi ya kugandisha. Naandika uzi huu kwa sababu inaniuma kuona Mtanzania anaijua Kitulo kupitia picha za wageni tu.

Kwanza tuelewane kuhusu mvua. Pwani na Kaskazini mna vuli na masika. Kule Kusini mvua ni moja, ndefu: inaanza Novemba, inakolea Desemba, inaisha Aprili au Mei. Tukuyu haifuati hata hiyo, maana mawingu ya Ziwa Nyasa yanapanda, yanagonga mlima Rungwe na kumwaga hapo hapo, mpaka Mei na Juni bado unakanyaga matope. Juni hadi Agosti ni baridi. Septemba hadi Novemba mwanzoni ni jua na anga safi. Basi, ukishika hiyo umeshika nusu ya safari.

Desemba hadi Aprili: Kitulo

Hapa ndipo watu wanapokosea. Tumezoeshwa kwamba hifadhi huendwa kiangazi, wanyama wanapokusanyika kwenye maji. Kitulo haikutengwa kwa ajili ya wanyama. Ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Ni kama kilomita za mraba 413, sehemu kubwa ikiwa uwanda wa nyasi ulioinuliwa juu kiasi cha mita 2,600. Kuna aina 350 hivi za mimea, na kati yake aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Na maua yanataka maji, kwa hiyo ukitaka maua, nenda kwenye mvua.

Mwezi wa kwanza uwanda ule una rangi ambazo sijui nizitaje vipi. Kuna maua mekundu yanayosimama kama mienge, kuna ya njano yanayofunika mteremko mzima, kuna okidi nyeupe na za zambarau ndogo kama kidole, ambazo utazipita mpaka mtu akuoneshe. Uzuri mwingine, kwa kuwa hakuna simba wala tembo, unatembea kwa miguu. Unaacha gari, unakwenda na mwongozaji wako kwa muda wa saa nne, tano, unainama, unanusa, unavuka vijito.

Asubuhi ndiyo yenu. Mvua kwa kawaida inashuka mchana. Ukiwa uwandani saa moja asubuhi, mpaka saa sita umeshaona ya kuona. Saa nane mko chini mnakunywa chai, na radi inaunguruma huko mlikotoka.

Kuhusu kufika: njia ni mbili. Ya kwanza ni kupandia Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya na Makambako, hadi Matamba. Hii ndiyo ile barabara iitwayo Hamsini na Saba, kwa kuwa kona zake zimehesabiwa na ni hamsini na saba. Ya pili ni kutoka Uyole, barabara ya Tukuyu, unaiacha pale Isyonje unapandia Kikondo kuelekea Makete. Mimi na mzigo nilipenda Isyonje. Bila mzigo na mvua ikiwa haijanyesha usiku, pandeni Hamsini na Saba angalau mara moja maishani, maana kila kona bonde la Usangu linazidi kufunguka chini yenu mpaka mnaona mashamba ya mpunga kama viraka vya kanga.

Nitaendelea na miezi mingine. Aliye na swali aulize.

#2

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi mtumishi, likizo yangu inaangukia Juni shule zikifungwa. Nina watoto wawili, miaka sita na kumi. Kwa maelezo yako ina maana Kusini nisiende?

#3 – Mleta uzi

Nenda ndugu yangu, ila usipande juu, shuka chini.

Juni hadi Agosti uwanda wa Kitulo una baridi kali na ukungu, na usiku sakitu inaanguka. Asubuhi unakuta majani yameganda meupe, yanalia chini ya kiatu. Kwa mtu mzima aliyejiandaa ni jambo la kuona mara moja. Kwa mtoto wa miaka sita ni kumtesa.

Lakini kutoka Tukuyu barabara inateremka, na kila kilomita kumi unavua nguo moja, mpaka Kyela uko chini ya mita 500, kwenye michikichi, mikokoa na mpunga. Endelea hadi Matema, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa. Mchanga upo, maji maangavu, na nyuma yako milima ya Livingstone imesimama wima kama ukuta. Mwezi wa sita kule si joto la kuchosha kama Novemba, na mbu wamepungua ukilinganisha na wakati wa mvua, ingawa chandarua ni lazima mwaka mzima.

Mambo mawili kwa ajili ya watoto. Miezi hiyo kuna upepo wa kusini, wavuvi wanauita mwera, ukivuma ziwa linachafuka kama bahari. Siku ya mwera watoto wacheze mchangani, wasiingie. Na kabla ya kuogelea popote muulize mwenyeji, hasa karibu na mito inapoingia ziwani, kwa sababu mamba hukaa kwenye midomo ya mito. Msione aibu kuuliza. Kichocho nacho kipo ziwani, kwa hiyo epukeni maji yaliyotuama penye matete, na mkirudi mkapime.

Mkiwapo Jumamosi, tembeeni mpaka Lyulilo mkaone soko la vyungu. Ni vyungu vya Wakisi, kazi ya akina mama wa Ikombe na vijiji vya jirani, vinaletwa kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa kwa majani makavu. Mtoto wako wa miaka kumi akimwona mama anafinyanga kwa kuzungusha mkono tu, bila gurudumu, hatasahau.

#4

Mleta uzi umenikumbusha nyumbani. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Naomba niongeze kuhusu upande wetu, maana wengi wanapita tu kwenda Kyela.

Kwanza Daraja la Mungu, mto Kiwira. Lava ya volkano ilimiminika juu ya mto ikapoa, maji yakabaki yanapita chini, juu kukabaki daraja la mwamba. Hakuna fundi aliyeligusa. Jirani yake kuna Kijungu, maji ya Kiwira yanapoingia kwenye shimo la mwamba yanazunguka na kutokota kama chungu kilicho motoni. Tafadhali sana pale Kijungu msisogee ukingoni kupiga picha. Mwamba una utelezi mwaka mzima na aliyeanguka hatoki.

Maporomoko ya Kaporogwe pia yako kwetu. Maji yanashuka kama pazia, na nyuma yake kuna pango. Unasimama ndani ukiwa umezungukwa na sauti. Wakati mzuri ni Mei hadi Julai, mvua zikiwa zinaisha na maji bado mengi. Mwezi wa kumi pazia linakuwa jembamba.

Halafu salamu. Ukikutana na mzee njiani usipite kama gari. Sema "Mugonile", akikujibu "Ndaga" umeshapata mwenyeji. Kwa kijana mwenzako sema "Ugonile". Kwetu mtu anayepita bila kusalimia anaangaliwa mpaka apotee machoni.

#5

Ndaga fijo mtani! Na chakula je? Usisahau mbalaga, zile ndizi zenu.

#6 – mchangiaji wa #4

Ndizi hazina msimu kwetu, utakula Januari mpaka Desemba. Ziombe zimepikwa na maharage au nyama, na parachichi pembeni. Mvua za mwanzo kuna uyoga barabarani, wanauza kina mama kwenye majani ya mgomba. Machi mpaka Mei ni mahindi ya kuchoma. Ulanzi, pombe ya mianzi, ni mambo ya upande wa Makete na Njombe, nao ni wa msimu wa mvua mianzi inapotoa maji. Ukienda mwezi wa nane ukaambiwa huu ni ulanzi mbichi wa leo, shukuru na uendelee na safari.

#7

Samahani wakuu, naomba kuuliza kuhusu Ziwa Ngozi. Mimi na wenzangu watano tunataka kwenda mwezi wa pili. Tumeambiwa inafaa kushuka hadi majini. Kweli?

#8 – Mleta uzi

Februari Ngozi mnaweza kupanda, msishuke.

Ngozi ni ziwa lililolala ndani ya kasoko ya volkano kwenye safu ya Uporoto, ukingo wake ukiwa kiasi cha mita 2,600. Linatajwa kuwa la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya kasoko, urefu wake kama kilomita mbili na nusu. Jina lenyewe maana yake ni kubwa. Hakuna mto unaoonekana ukitoka. Mnaacha barabara ya Mbeya na Tukuyu, mnaingia kwa gari au bodaboda hadi mwisho wa njia, kisha mnapanda kwa miguu ndani ya msitu saa moja mpaka mbili, kutegemea matope. Mnatoka msituni ghafla, na chini yenu, mbali, maji ya kijani yametulia kama yamechorwa.

Kutoka ukingoni hadi majini ni ukuta. Wenyeji wachache wanaujua na wanashuka kwa kushika mizizi. Mwaka mmoja nilikuwa na kijana wetu wa kupakia, ana nguvu, mzoefu wa milima. Ilikuwa imenyesha asubuhi. Akasema anashuka. Nilimkatalia, akashuka. Hatua ya kumi mzizi aliouegemea uling'oka. Alizuiwa na mti uliokua kwa kulala, laiti mti ule usingekuwepo nisingekuwa na la kumwambia mama yake. Tulimtoa kwa kuunganisha kamba ya turubai na mashuka mawili, saa tatu nzima, bega limetoka mahali pake. Mpaka leo halinyanyui gunia.

Kwa hiyo pandeni saa mbili asubuhi, kaeni ukingoni, kuleni mlichobeba, rudini kabla ya saa saba. Chukueni mwongozaji pale kijijini, wapo vijana wanaoishi kwa kazi hiyo na njia zile ni zao. Ukungu ukifunika, subirini nusu saa. Mara nyingi unafunguka kama mtu kavuta pazia, dakika kumi, unafunga tena. Hizo dakika kumi zinatosha.

Mwezi bora wa Ngozi kwa maoni yangu ni Septemba na Oktoba, njia imekauka na anga safi.

#9

Pole kwa huyo kijana mkuu. Mimi nilifika mwezi wa kumi mwaka juzi, nathibitisha, njia kavu kabisa na tuliona ziwa lote. Tulishuka? Hapana. Mwongozaji alituambia ukweli tukamsikiliza.

#10

Wakati tunaongelea Rungwe, naomba niandike kuhusu kipunji, nyani wa msitu wetu, kwa sababu wageni wanamjua kuliko sisi.

Mlima Rungwe una kimo cha karibu mita 2,960. Ni volkano iliyolala. Jirani yake Kyejo ilitoa lava takribani mwaka 1800, yaani si zamani kihivyo, wazee wa wazee wetu waliuona moto. Msitu unaouzunguka Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009.

Ndani ya msitu huo, na ule wa Livingstone ulioungana na Kitulo, yuko nyani wa kahawia mwenye nywele zilizosimama kichwani. Watu wa Rungwe walikuwa na jina lake na hadithi zake muda wote. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakiuliza wawindaji kuhusu wanyama wa msituni wakasikia jina hilo, kipunji, wakaanza kumtafuta. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa ni mnyama mpya kwa sayansi, na 2006 ikabainika hafanani na jamii yoyote iliyopo, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani nyani wa Rungwe. Jenasi mpya ya nyani haikuwa imepatikana Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakuta kama 1,100 tu, wote Tanzania, hapa kwetu na wengine wachache huko Udzungwa.

Babu yangu alikuwa akituigizia sauti yake, ni kama mbweko unaotoka puani. Tulidhani anatutania tulale. Nilimsikia mwenyewe nikiwa mtu mzima, nimepanda Rungwe mwezi wa tisa na askari wa msitu, saa mbili asubuhi. Nilisimama nikalia. Babu alikuwa amekwishafariki.

Kupanda Rungwe ni siku nzima, mnaanza giza halijaisha. Septemba hadi Novemba mwanzoni. Wakati wa mvua ni mateso na nyoka, usijaribu.

#11

#10 umeniliza na mimi. Asante.

Swali kwa mleta uzi: nina gari dogo, ile ya saluni ya kawaida. Hamsini na Saba itapanda?

#12 – Mleta uzi

Kiangazi itapanda ukiwa na dereva mtulivu, gia ndogo, na hujajaza watu sita. Wakati wa mvua, hapana, hata kama kuna vipande vilivyotengenezwa. Udongo wa kule ukilowa ni sabuni. Na hatari kubwa ni kushuka: watu wanakanyaga breki kona hadi kona, breki zinachemka, zinaacha kushika. Shuka na gia uliyopandia. Ukisikia harufu ya kuungua simama, weka jiwe, subiri zipoe, hata saa nzima.

Kwa Januari acheni gari Mbeya au Chimala. Panda magari ya abiria yanayokwenda Matamba au Makete, madereva wao wanazijua kona kwa majina. Au mkodishe gari la juu mkiwa kundi, mgawane. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya Kitulo: usafiri. Kiingilio kwa sisi wananchi ni kidogo sana kuliko anacholipa mgeni, na malipo hayapokelewi taslimu getini, yanakwenda kwa kadi au namba ya malipo, kwa hiyo yapangeni kabla hamjafika huko kwenye mtandao wa kubahatisha. Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida, safi, mablanketi mazito. Wenye mahema pia wanaruhusiwa ndani ya hifadhi kwenye maeneo yaliyopangwa.

Nguo: pitieni Mwanjelwa mjini Mbeya, mitumba ya baridi iko tele. Sweta zito, boshori, koti la mvua, soksi jozi nne, gambuti kama mguu wako unazizoea. Jua la kule juu linaunguza ingawa husikii joto, kofia yenye ukingo ni muhimu.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: USIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI. Baridi ya Makete inamshawishi mtu afunge madirisha aweke jiko karibu na kitanda. Gesi yake ya sumu haina harufu, mtu analala na haamki. Nimeshuhudia familia moja ikitolewa asubuhi, tuliwahi wawili kati ya wanne. Omba blanketi la tatu, omba chupa ya maji ya moto, jiko libaki nje.

#13

Mimi ni mwenyeji wa Makete. Nashukuru kwa uzi, umesema kweli. Nina ombi moja kwa watakaokuja.

Msichimbe okidi. Miaka ya nyuma walikuja watu kununua viazi vya okidi kwa magunia, vikapelekwa Zambia, huko vinasagwa na karanga kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Watoto wetu walikuwa wanakosa shule wakichimba. Kiazi kimoja ni mmea mmoja umekufa, na kwa gunia moja unahitaji maelfu. Hiyo ni sehemu ya sababu uwanda ule ukalindwa. Sasa naona mgeni wa mjini, amesoma, ana gari zuri, anang'oa mche mmoja "akaupande nyumbani". Hautaota Dar ndugu yangu. Unaishi na kuvu za udongo wa hapa hapa, na baridi ya hapa. Utakufa ndani ya mfuko wako kabla hujafika Makambako.

Tembeeni kwenye vijia vilivyopo. Januari kuna ndege wanaotaga kwenye nyasi, tandawala na wengineo, na mbayuwayu wa buluu wanaokuja kuzaa kwetu msimu wa mvua. Ukikata nyasi katikati unaweza kukanyaga kiota bila kujua.

Na mkifika salimieni: "Kamwene". Nunueni viazi na matufaha kwa mama zetu barabarani, bei ya shambani.

#14 – Mleta uzi

Kamwene mkuu. Hiyo ni sehemu ya uzi, mtu asipande bila kuisoma #13.

Namalizia miezi iliyobaki. Mei ni mwezi ninaoupenda na hautajwi popote. Mvua imekatika upande wa Mbeya, vumbi halijaanza, kila kitu bado kijani, hewa imeoshwa. Kwa mtu anayetaka kupanda kilele cha Mbeya, kile kirefu kinachopita mita 2,800 nyuma ya mji, mwisho wa Mei ni sahihi. Nyasi bado ndefu, kwa hiyo vaeni suruali. Juu mnaliona bonde la ufa la Rukwa upande mmoja na mji upande mwingine.

Agosti kama mmeshindwa kila mahali kwa ukungu, geukieni magharibi, Mbozi, mkoa wa Songwe, mkaone kimondo. Ni donge la chuma la tani kama 16, urefu mita tatu na ushee, limelala pale lilipoangukia, wenyeji walilijua kabla sayansi haijaliandika mwaka 1930. Gusa kwa mkono uone lilivyo baridi. Ni nusu siku, inatosha, na watoto wanalipenda.

Oktoba na Novemba mwanzoni, mbali na Ngozi na Rungwe, Kitulo kunapitika vizuri kwa wanaotaka kutembea masafa bila kulowa. Maua ni machache, lakini mtu anayependa upeo mkubwa wa macho atafurahi. Kyela na Matema miezi hiyo ni tanuru.

Shule zetu zinafungwa Juni na Desemba. Juni teremkeni ziwani, Desemba pandeni uwandani. Ila Desemba kateni tiketi mapema, Wakinga na Wanyakyusa kutoka Kariakoo na kila kona wanarudi kula sikukuu, na mabasi hujaa wiki mbili kabla.

#15 – mchangiaji wa #2

Wakuu narudi na mrejesho. Juni nilikwenda Matema kama nilivyoelekezwa. Siku mbili za kwanza mwera ulivuma, watoto wakajenga majumba ya mchanga, hawakuingia. Siku ya tatu ziwa lilikuwa kioo, mvuvi mmoja mzee akatuonesha pa kuogelea. Tulikula mbasa wa kuchoma, na kijana wangu wa miaka sita anasema usipa wa Kyela ndio dagaa pekee anaowatambua.

Halafu Januari hii nikapata siku nne, nikampandisha mke wangu Kitulo kupitia Isyonje. Kulinyesha usiku kucha Matamba, nikasema nimemponza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwongozaji akagonga, tukatoka, mawingu yako chini yetu, Usangu haionekani, ni bahari nyeupe tu. Tukatembea mpaka saa tano. Mke wangu huwa anaongea sana safarini. Siku ile alinyamaza. Alichuchumaa mahali, akaniita kwa mkono, nikasogea. Okidi moja, nyeupe, imeinama kwa umande. Tulikaa pale mpaka mwongozaji akatuambia mvua inapanda, twende.

#16 – Mleta uzi

Machi rudi naye, mkuu. Zile za njano zitakuwa zimefunika mteremko wote.